Kozelsk: Fahari ya Ngome na Haki ya Mateka

Katika jimbo la Kaluga, kusini-magharibi ya Moscow, juu ya ukingo ulioinuka wa mto Zhizdra, upo mji uitwao Kozelsk, ambao wakazi wake hawafiki 20,000, na ambao msafiri wa garimoshi angeweza kuupita bila kugeuza shingo kama hakupata kusoma habari zake. Husuni ya kale haiko tena, kwa kuwa ilikuwa ya magogo na udongo, na moto na mvua za karne nyingi zimekwisha kuifuta. Hata hivyo, tarehe 5 Desemba 2009, kwa amri ya Rais Dmitry Medvedev, mji huu ulitunukiwa cheo cha Mji wa Fahari ya Kijeshi, cheo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kuitukuza miji ya Urusi ambayo watetezi wake walionyesha ushujaa usio wa kawaida. Miji mingi iliyopewa cheo hicho ilikipata kwa ajili ya vita vya 1941 hadi 1945. Kozelsk nayo ilivionja vita hivyo, lakini sifa yake imesimama hasa juu ya jambo lililotendeka mwaka 1238.

Nina neno la kusema juu ya sifa hiyo. Naamini kwa moyo wote kwamba mji ule umeistahili. Naamini pia kwamba imetolewa nusu, na kwamba nusu iliyobaki inatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani.

Mwezi wa Desemba 1237 majeshi ya Batu, mjukuu wa Genghis Khan, yaliuzingira mji wa Ryazan, kitovu cha dola iliyojulikana kwa mali na askari, yakauangusha kwa siku sita. Februari iliyofuata ukaanguka Vladimir, mji wa makanisa ya mawe meupe na Lango la Dhahabu, nao haukudumu hata juma moja. Torzhok ulijitahidi majuma mawili, ukaangamia mwanzoni mwa Machi. Majeshi yale yalikuwa yamekwisha kuikaribia Novgorod yalipogeuza njia kurudi kusini kwenye nyika za malisho, maana theluji ilikuwa karibu kuyeyuka, na theluji ya nchi ile ikiyeyuka ardhi hugeuka tope, mito hufurika, na farasi hawana pa kukanyaga. Ni katika kurudi huko, wakiwa na ngawira tele na wanyama waliochoka, ndipo walipofika mbele ya lango la Kozelsk.

Mtawala wa mji, Vasily, wa ukoo wa Chernigov, alikuwa mtoto. Mapokeo yanasema umri wake ulikuwa miaka 12. Hapakuwa na amiri mashuhuri, hapakuwa na jeshi la msaada lililotarajiwa, na habari za miji mikubwa iliyoteketezwa bila shaka zilikwisha kuwafikia. Mwandishi wa tarehe ya zamani anasimulia kwamba watu wa mji walikutana wakafanya shauri, wakaafikiana kwamba, ijapokuwa mtawala wao ni mdogo, hawatamtoa wala hawatafungua lango, na kwamba wakifa watakuwa wameacha jina jema duniani na kupata taji mbele ya Mola wao. Nimeyatafakari maneno haya mara nyingi, na kila mara naona kwamba kiini cha habari yote kimo humo. Uamuzi ule ulikuwa wa raia: mafundi, wachuuzi, wavuvi wa Zhizdra na wake zao, watu ambao desturi ya vitabu vya vita ni kuwahesabu pamoja na mifugo na nyumba zilizoungua. Wao ndio waliokaa barazani, wakapima, wakaamua.

Walisimama majuma saba. Mji ulikuwa juu ya kilima, umekumbatiwa na maji ya mito iliyofurika, na upande mmoja tu ndio uliokuwa na njia ya kuingilia. Wamongolia walisimamisha mitambo ya kuvurumisha mawe, wakaubomoa ukuta na kulipanda boma, na watu wa mji wakapigana nao kwa visu. Kisha wakatoka nje ya lango, wakaikatakata mitambo ile na kuwaua, kwa mujibu wa mwandishi, maadui 4,000, miongoni mwao wana watatu wa majemadari wakubwa ambao maiti zao zilitafutwa zisipatikane. Na waliotoka wakauawa wote. Batu alipoingia hakubakiza mtu, hata mtoto wa kunyonya. Juu ya Vasily riwaya inasema tu kwamba hakuonekana tena, na kwamba wapo waliodai amezama katika damu kwa kuwa alikuwa mdogo. Tangu hapo, asema mwandishi yule, Watatari, yaani Wamongolia hao, hawakuthubutu kulitaja jina la Kozelsk. Waliuita mji muovu.

Msomaji mwenye insafu atauliza ni kiasi gani cha habari hii ni tarehe na kiasi gani ni hekaya. Ni swali la haki, kwani waandishi wa kale walikuwa wakarimu sana katika kuhesabu maiti za maadui, nami sitamlaumu mtu anayeitilia shaka idadi ya 4,000. Lakini Kozelsk ina bahati ambayo miji michache ya zama zile iliipata: ina shahidi wa pili, naye anatoka upande wa washindi. Rashid al-Din wa Hamadan, tabibu aliyekuwa waziri wa watawala wa Kimongolia wa Uajemi, mtu aliyeuawa kwa amri ya watawala hao hao mwaka 1318, aliandika kwa Kiajemi kitabu kikubwa kiitwacho Jami al-Tawarikh. Na ndani yake ameeleza kwamba Batu aliuzingira mji huu kwa miezi miwili asiuweze, mpaka walipofika jamaa zake Kadan na Buri, ndipo ukachukuliwa kwa siku tatu. Mmoja aliandika katika nchi ya makanisa ya Kislavoni, mwingine katika diwani za Uajemi, hakuna aliyemsoma mwenziwe, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpendeza mwenziwe. Na wote wawili wanakubaliana juu ya jambo lililo kubwa, yaani kwamba mji mdogo usio na mfalme mzima uliwazuia watu ambao dola kubwa zilishindwa kuwazuia. Waziri wa washindi hakuwa na faida yoyote katika kulitia chumvi tukio lile, kwa kuwa lilikuwa aibu kwa mabwana zake.

Na huyo shahidi wa kwanza alitoka wapi? Masimulizi yaliyo kamili zaidi juu ya mazingiwa yale yamehifadhiwa katika tarehe ya Galicia na Volhynia, ardhi ambazo sehemu yake kubwa leo imo katika Ukraine. Na Chernigov, nyumba ya kina Vasily, nao ni mji wa Ukraine. Basi kalamu iliyoinusuru fahari ya Kozelsk isisahauliwe ilishikwa na mikono ya nchi ambayo Urusi iliivamia kwa majeshi yake mwezi wa Februari 2022. Silitaji jambo hili kwa kutafuta ugomvi na watu wa Kozelsk. Nalitaja kwa sababu, katika nyakati hizi ambapo ushujaa wa mababu hutumiwa kuwatia vijana hamasa ya kwenda kuua jirani zao, ni wajibu wa mwandishi kusema kwamba mababu hao walikuwa upande wa waliovamiwa.

Ng'ambo ya Zhizdra, mwendo mfupi kutoka mjini, kuna monasteri ya Optina, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kimbilio la nyoyo zilizotaabika za Urusi nzima. Wazee wake wa kiroho walipokea wakulima na wakuu wa dola kwa adabu moja. Dostoevsky alikwenda huko mwaka 1878, mara baada ya kufiwa na mwanawe mdogo, akakutana na mzee Amvrosy, na katika mazungumzo yale alipata sehemu ya sura ya mzee Zosima wa riwaya yake ya mwisho. Tolstoy naye, alipoitoroka nyumba yake usiku wa Oktoba 1910, siku chache kabla ya kufa kwake, alielekea Optina kwanza. Baada ya mapinduzi ya 1917 serikali mpya iliifunga monasteri, watawa wakatawanywa, na majengo yakapewa kazi nyingine.

Kazi mojawapo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mnamo tarehe 17 Septemba 1939, kwa mapatano na Ujerumani ya Hitler, majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia Poland kutoka mashariki, yakawachukua mateka maelfu ya maofisa wa Kipoland. Wapatao 4,500 kati yao waliwekwa Kozelsk, ndani ya kuta za Optina, chini ya ulinzi wa polisi wa siri wa NKVD. Tusidanganywe na neno maofisa. Wengi wao walikuwa askari wa akiba walioitwa kazini vita vilipozuka: matabibu, wahandisi, mawakili, walimu wa shule na wa vyuo vikuu, watu ambao mwezi mmoja kabla walikuwa wakisahihisha madaftari au wakiwasikiliza wagonjwa vifua. Miezi mingi wapelelezi waliwahoji mmoja mmoja, usiku na mchana, wakitafuta watakaokubali kuihama nchi yao kwa moyo. Waliokubali walikuwa wachache mno. Beria, mkuu wa polisi wale, alimwandikia Stalin kwamba watu hawa ni maadui wasio na tamaa ya kurekebishwa, akashauri wauawe bila kuitwa mahakamani na bila kusomewa mashtaka. Na tarehe 5 Machi 1940 baraza kuu la chama likatia sahihi.

Katika Aprili na Mei walipakiwa kwenye mabehewa katika stesheni ya Kozelsk, kundi baada ya kundi. Wengine waliagwa kwa shangwe, maana waliambiwa maneno yaliyowafanya wadhani kwamba wanarudishwa makwao. Walishushwa Gnezdovo karibu na Smolensk, wakapelekwa katika msitu wa Katyn, wakapigwa risasi kisogoni na kufukiwa. Meja Adam Solski aliandika kumbukumbu zake mpaka tarehe 9 Aprili, akieleza kwamba wamefikishwa msituni, wamepekuliwa, yeye amenyang'anywa mkanda na kisu cha mfukoni. Maandishi yanakatikia hapo, na daftari lilipatikana pamoja na maiti yake kaburi lilipofukuliwa mwaka 1943. Miongoni mwa mateka wa Kozelsk alikuwamo mwanamke mmoja, Janina Lewandowska, rubani wa ndege, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1908 na kuuawa siku ya kutimiza miaka 32. Mwalimu wa uchumi, Stanisław Swianiewicz, alitolewa ndani ya behewa pale pale Gnezdovo kwa kuwa alitakiwa kwa mahojiano mengine, akaona kwa tundu la behewa wenzake wakihamishiwa ndani ya basi lililopakwa chokaa madirishani, akaishi kuwa shahidi. Pamoja na mateka wa kambi za Ostashkov na Starobelsk na wafungwa wa magereza, waliouawa kwa amri ile moja walikaribia 22,000.

Kisha ukaja uongo, nao ukadumu karibu nusu karne. Wajerumani walipoyafichua makaburi, Moscow ilisema wauaji ni Wajerumani. Tume ikaundwa mwaka 1944 kuuthibitisha uongo huo kwa mihuri na sahihi za wataalamu. Na katika Poland ya baada ya vita mjane aliyesema mumewe amekufa mwaka 1940 badala ya 1941 alijitia katika hatari. Ni mwezi wa Aprili 1990 tu ndipo serikali ya Gorbachev ilipokiri, na mwaka 2010 Bunge la Urusi likatamka kwamba mauaji yalitendwa kwa amri ya Stalin. Nayaheshimu matamko hayo mawili. Yalihitaji ujasiri, na dola nyingi, za Ulaya na kwingineko, hazijaupata ujasiri huo kwa dhuluma zao wenyewe.

Habari za vita vya Kozelsk haziishii hapo. Wajerumani waliukalia mji tangu Oktoba hadi mwishoni mwa Desemba 1941, na Agosti 1942 vifaru vya pande mbili vilipambana kusini yake. Leo katika misitu inayouzunguka kuna divisheni ya majeshi ya makombora, na ndani ya mashimo yaliyojengwa kwa zege chini ya ardhi yamewekwa makombora ya Yars yenye vichwa vya nyuklia, yaliyochukua nafasi ya makombora ya zamani ya enzi ya Kisovieti. Mji ambao raia wake walijitetea kwa visu sasa umelala jirani na silaha zinazoweza kuangamiza miji ya mabara mengine kwa muda wa kusali sala moja. Juu ya hayo sina la kuongeza, ila kwamba sioni uhusiano wowote kati ya silaha hizo na baraza la 1238.

Uhusiano naouona mimi uko kwingine. Nembo ya Kozelsk, iliyoidhinishwa mwaka 1777, ina uwanja mwekundu kwa ajili ya damu iliyomwagika, na juu yake ngao za fedha zenye misalaba myeusi pamoja na misalaba ya dhahabu kwa ajili ya uaminifu. Watawala wa wakati ule walifahamu vyema kwamba mji huu hausifiwi kwa kushinda, kwani haukushinda. Unasifiwa kwa sababu watu waliozingirwa, wasio na tumaini la kuokoka, walikataa kumtoa mwenzao na kuiuza nafsi yao. Maadamu hiyo ndiyo fahari ya Kozelsk, basi mateka wa 1940 wamo ndani yake kwa haki kamili. Nao walizingirwa, ukingoni mwa mto ule ule. Nao walishauriwa wajitoe. Nao, isipokuwa wachache, walikataa, na kukataa kwao kukaandikwa na adui mwenyewe katika barua ya kuomba wauawe. Cheo cha 2009 hakikutolewa kwa ajili yao, wala kwa kipimo cha kawaida hakingeweza kutolewa, kwa sababu hawakubeba silaha ndani ya kuta zile, hawakuwa Warusi, na aliyewaua alikuwa dola yenyewe. Lakini kipimo hicho ndicho ninachokipinga. Kikiwa sawa, basi hata wachuuzi wa 1238 wametukuzwa kwa makosa.

Rafiki yangu mmoja, ambaye naiheshimu sana elimu yake, aliwahi kuniambia kwamba si insafu kuwatwika wakazi wa mji mdogo mzigo wa jinai iliyoamriwa Kremlin na kutekelezwa msituni mbali na kwao. Ni kweli kwamba watu wa Kozelsk hawakuua. Baadhi yao walikuwa wao wenyewe wameonja jela za Stalin, na watawa wa Optina waliteswa na polisi wale wale. Simtwiki mtu hatia. Ninachodai ni kwamba wafu wale wahesabiwe miongoni mwa wafu wa Kozelsk, watajwe katika siku ambazo mji huwataja mashujaa wake, na mwanafunzi anayefundishwa jina la Vasily afundishwe pia jina la Lewandowska. Mji hauvunjiwi heshima kwa kuongezewa mashujaa.

Na hapa ndipo jambo hili linapofika kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Aprili 1940, wakati mabehewa yalipokuwa bado yakitoka Kozelsk, wake na watoto wa mateka wale, ambao anwani zao zilikusanywa kutoka kwa mateka wenyewe, walikamatwa majumbani mwao mashariki ya Poland wakapelekwa kwa maelfu Kazakhstan. Mwaka 1941, Hitler alipoigeukia Urusi, Wapoland waliosalia walifunguliwa. Na mwaka 1942 wengi walivuka Bahari ya Kaspi pamoja na jeshi la Jenerali Anders hadi Uajemi. Katika jeshi hilo walikuwamo mateka wa Kozelsk wa kundi la pili, waliofungiwa huko baada ya mauaji, nao walibeba sanamu ya Bikira Mariamu iliyochongwa kwa mti na mfungwa mwenzao; sanamu hiyo leo imo katika kanisa moja la Wapoland mjini London. Wanawake na watoto, kwa upande wao, waligawanywa katika nchi zilizokubali kuwapokea, na maelfu wakashushwa katika bandari za pwani yetu. Tengeru, karibu na Ziwa Duluti upande wa mashariki wa Arusha, ilipata kuwa na wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000. Wengine waliwekwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na huko Uganda wakawekwa Koja na Masindi. Walikuwa wametoka sehemu nyingi na kwa uhamisho mbalimbali, lakini miongoni mwao walikuwamo wajane na mayatima wa Katyn, wengine wakiwa bado wanangoja barua kutoka kwa baba ambaye anwani yake ya mwisho ilikuwa Kozelsk.

Makaburi yao zaidi ya mia yapo Tengeru hadi leo, nayo yametunzwa kwa taadhima ambayo kwayo wenyeji wa Meru wanastahili kushukuriwa. Lakini mtoto wa Arusha anayepita pale huambiwa kwamba ni makaburi ya Wazungu wa zamani, na habari inakomea hapo. Naziomba mamlaka za elimu za nchi zetu, na walimu wa historia wa Arusha, wa Iringa na wa Masindi, waifundishe habari hii kuanzia mwanzo wake: kwamba kulikuwa na mji mdogo wa Kirusi uliosimama majuma saba mbele ya Batu, kwamba karne saba baadaye mji huo ulifanywa gereza la walimu na matabibu waliokataa kujiuza, na kwamba baadhi ya watu wa nyumbani kwao walikuja kuishi, kulima, kusoma na kuzikwa chini ya mlima wetu wa Meru. Jina la Kozelsk na liandikwe katika masomo hayo kwa herufi zilizo wazi, pamoja na mwaka 1238 na mwaka 1940, miaka yote miwili.